Mkwaruzo wa Kushuka Hanang

Tarehe tatu Desemba 2023, Jumapili asubuhi, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang, likapita Jorodom, kando ya mji wa Katesh, likamchukua kaka yangu. Alikuwa amelala kwa rafiki yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo alitakiwa awe kwake, huku juu Mbulu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hakurudi kwa sababu sikwenda kumchukua. Na sikwenda kwa sababu, hivyo ndivyo nilivyomwambia, gari lilikuwa na sauti chini.

Nataka kuandika habari za sauti hiyo. Nimesoma hadi darasa la saba, na nilichozoea kuandika ni kumbukumbu za vikao vya jumuiya yetu kanisani. Kwa hiyo nitaeleza kama nilivyozoea, jambo moja baada ya jingine.

Gari lilikuwa letu sote wawili. Ni pikapu ya zamani yenye milango miwili, tuliyoipata baada ya misimu miwili mizuri ya vitunguu saumu. Kaka hakujua kuendesha na hakutaka kujifunza. Alisema mwenye mdomo hahitaji usukani. Alikaa kushoto kwangu akanielekeza kila kona, kana kwamba barabara ile sijaipita tangu utoto. Nilipokosea shimo alisema, "Hilo nilikuwa sijakuonyesha, lakini macho si unayo?"

Sauti ilianza mwezi wa kumi mwaka huo, jua likiwa kali. Tulikuwa tunashuka kwenda Katesh na mzigo. Tulipofika tambarare nikasikia chini yetu kitu kinakwaruza, taratibu, kama mwanamke anayesugua sufuria kwa majivu. Nikipunguza mwendo kinapunguza, nikiongeza kinaongeza. Nikasimama, nikainama, sikuona kitu ila tope lililokauka. Kaka alishuka akakojoa, akarudi.

"Umeona nini?"

"Sijaona."

"Basi panda. Kitu kisichoonekana kitajitokeza chenyewe."

Mimi si mtu wa kungoja kitu kijitokeze. Tangu siku ile niliendesha kioo kikiwa wazi na kichwa nje, na kaka akawa ananicheka kwamba nitaachia sikio langu kwenye mti wa mtu.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza. Sauti ikawa inakuja siku moja na kupotea mbili. Kaka akaenda Katesh kwa basi siku ya Alhamisi, tarehe thelathini, na magunia yetu yalikuwa yametangulia kwenye lori la jirani. Jumamosi jioni akanipigia simu. Mvua ilikuwa inanyesha kwetu na kwao pia. Nilisikia ikipiga bati upande wake.

"Mdogo wangu, nimemaliza huku. Njoo unichukue."

"Kaka, gari lina ile sauti. Likituharibikia njiani na mvua hii tutalala porini wote wawili."

"Bado tu lina sauti?"

"Bado."

Akakohoa kidogo. Akasema, "Haya, mdogo wangu. Kesho basi, baada ya ibada."

Ile "bado" ilikuwa uongo. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimeliondoa gari chini ya mti, nikiogopa tawi litaanguka kwa upepo. Nililipeleka hadi kwenye njia panda, nikageuza, nikalirudisha. Ni kama nusu kilomita kwenda, nusu kurudi. Halikukwaruza hata mara moja, na nilisikiliza. Jioni ile nilikuwa nimeketi karibu na moto, viatu nimeshavua, mke wangu amenipa maziwa ya moto. Sikutaka kushuka kwenye utelezi. Ndiyo sababu yote. Sikuwa na nyingine.

Jumapili, habari zilipotufikia, gari nililosema haliwezi kushuka lilishuka. Nililiendesha kwenye utelezi ule ule niliouogopa, na vijana wanne nyuma wakiwa na majembe. Katesh tulikuta watu wamesimama barabarani, mawe makubwa kama nyumba na magogo ambayo jana yake yalikuwa msitu. Sitaeleza siku zile mbili. Wapo waliopoteza watu wengi kuliko sisi, nao wanajua. Tulimpata Jumanne. Jumatano tulimpandisha nyumbani kwenye gari hilo hilo, amefunikwa shuka na blanketi jekundu, na vijana wamekaa pembeni wamemshikilia asiteleze. Njia nzima halikutoa sauti.

Msibani watu walisema, "Ni mvua, ni kazi ya Mungu." Shemeji yangu, mke wa kaka, alijua kwamba mumewe alilala Katesh kwa sababu ya mvua. Hakujua kwamba alinipigia simu. Wazee walisema simu ya kaka haikuonekana kwenye tope. Mimi nilikuwa na yangu mfukoni, na lile jina lake juu ya orodha ya waliopiga, na sikuitoa.

Zamani kwetu nyumba iliyofiwa ilijitenga. Hamtembelei watu, mifugo yenu haichanganyiki na ya wengine, njia yenu ya maji ni nyingine, hadi muda upite. Siku hizi tunafuata kanisa na mambo hayo yamepungua. Mimi niliyafuata kimya kimya, bila mtu kuniambia. Sikwenda vilabuni, sikukaa barazani kwa watu. Walidhani naheshimu mila. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu asije akaniuliza ile Jumamosi nilikuwa wapi.

Lakini gari sikuliacha. Nilianza kuwa na ombi moja, nalo lilikuwa baya, kwa hiyo sikulisema kwa sauti hata nilipokuwa peke yangu. Niliomba ile sauti iwe ugonjwa mkubwa. Fundi mmoja anionyeshe chuma kimepasuka, kimebakiza uzi tu kikatike, aseme, "Mzee, umshukuru Mungu hukupita kwenye utelezi na kitu hiki." Hapo ningekuwa nimemwambia kaka ukweli bila kujua. Nilitaka hilo kuliko nilivyotaka chakula.

Masika yote ya 2024 gari lilinyamaza. Nilipita kwenye mashimo makusudi, nikalitikisa, likanyamaza. Nilikuwa naamka alfajiri kabla ya kukamua, nalisukuma nje, naendesha hadi njia panda na kurudi. Mke wangu aliniuliza ninakwenda wapi. Nikasema nalipasha moto injini.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona jirani yako hapashi?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kukamua.

Mwezi wa sita mvua zilipokoma, sauti ikarudi. Nilikuwa tambarare, njia ya Katesh, saa saba mchana. Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi, nikaongeza mwendo niisikie zaidi.

Kesho yake nilimpelekea fundi mmoja Mbulu mjini. Tulikuwa na ule ukungu wetu wa mwezi wa sita na wa saba, unaolala chini hadi saa nne na kuacha kila kitu na jasho. Fundi alipanda, tukazunguka mji mara tatu. Kimya.

"Sisikii."

"Jana lilikuwa linakwaruza."

"Jana si leo, mzee."

Hata hivyo alilipandisha jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono, akasema beringi ya nyuma kulia imechoka. Akabadilisha. Nikashukuru, nikarudi. Siku nne baadaye nikashuka wilayani Hanang, na nilipofika kwenye joto mkwaruzo ukaanza tena, pale pale, wala haukuhama kwenda kushoto wala kulia.

Nikaanza kufanya uchunguzi mwenyewe. Nilichukua daftari la mtoto. Kwenye mteremko nilitoa gia nikaacha gari litembee lenyewe, sauti ikabaki, kwa hiyo haikuwa injini. Nikakanyaga breki kidogo, ikabaki, kwa hiyo haikuwa breki ya mguu. Nikavuta hendibreki nusu, ikabadilika kidogo, ikawa nyembamba, lakini sikujua maana yake, nikaandika tu. Nikakata kona kali, haikubadilika. Ilifuata mwendo wa magurudumu peke yake. Kitu kinachozunguka kilikuwa kinagusa kitu kisichozunguka. Hadi hapo nilifika kwa akili yangu, halafu nikakwama.

Shemeji alikuwa anapanda nami siku za mnada. Alikaa kushoto, pale pa kaka, magunia yake ya vitunguu saumu nyuma. Baada ya kaka kufa alichukua shamba lote mwenyewe, akakataa tusimamie. Siku moja nilisimama mara tatu kati ya mlima na Katesh, nikashuka, nikalala kifudifudi kwenye vumbi kutazama chini. Mara ya tatu alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji, hili gari unaliuguza kuliko ng'ombe."

"Lina sauti."

"Naisikia. Mbona linatembea?"

"Ng'ombe mgonjwa naye hutembea."

"Ng'ombe mgonjwa hawezi kubeba magunia kumi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwenzio alikuwa anasema una sikio la paka. Panda twende, nitakuta watu wamechukua nafasi yangu sokoni."

Nilipanda. Nilitazama mbele, kwa sababu nilijua kwamba kama ningemtazama ningesema, na sikuwa bado na kile chuma kilichopasuka cha kumwonyesha.

Katesh kuna fundi mwenye gereji ndogo nyuma ya stendi. Ni mtu mfupi, mwenye maneno mengi, na mikono yake haina haraka kama mdomo wake. Nilimpelekea mwezi wa nane. Yeye aliisikia, tulikuwa hatujafika hata barabara kuu.

"Hii hapa! Nani alisema haipo?"

"Fundi wa Mbulu."

"Wa Mbulu masikio yao yamejaa baridi."

Alisema ni krosi ya propela, kile kiungo kinachounganisha shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ile ya zamani ilipotoka alinionyesha. Ilikuwa imelika, kweli, lakini kidogo.

"Hii ingekatika?" nikamuuliza.

"Ingekatika siku moja."

"Siku gani? Mwaka jana ingekatika?"

Akanitazama. "Mzee, krosi haina kalenda."

"Lakini kwenye utelezi, na mzigo, ingeweza?"

"Hii?" Akaigeuza kiganjani, akaitikisa. "Hii ingekupeleka Singida na kukurudisha. Tumeibadilisha kwa sababu tumeshafungua."

Tukafunga mpya, nikalijaribu kwenye barabara ya lami kuelekea Singida. Nilikwenda kama kilomita mbili. Likakwaruza. Nilirudi gereji, nikazima, nikakaa ndani ya gari na mikono mapajani. Fundi alikuja akaegemea mlango.

"Gari lako linaumwa likiwa kwetu tu, likipanda kwenu linapona. Labda halitupendi."

Sikucheka. Akaona sikucheka, akabadili sauti. Akasema, "Njoo siku ya mnada ujao, mchana wa jua. Usilioshe. Tutafanya ya wazee."

Nilingoja siku hizo vibaya. Mtu akiniambia jambo nilikuwa namwomba arudie. Nilimwaga ndoo ya maziwa. Nilikwenda kanisani nikasimama watu walipoketi. Shemeji aliniona, akaniuliza kama naumwa, nikasema mgongo.

Siku ilipofika nilimshusha shemeji sokoni na magunia yake, nikaenda gereji. Ya wazee yalikuwa haya: fundi alichota majivu kwenye jiko la mama wa chai, akachanganya na maji hadi yakawa uji mzito, akaingia chini ya gari na kipande cha godoro. Akapaka propela yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikawa nyeupe kama imevaa soksi. Tukangoja ikauke. Kisha akaniambia niendeshe hadi kwenye kona ya kwanza na kurudi, polepole, nisipite kwenye maji. Kitakachogusa kitafuta majivu.

Nilikwenda. Ilikwaruza njia nzima. Nilirudi, akalipandisha jeki, akaweka mawe na magogo chini ya chesesi, ile mifupa ya gari, akaingia. Nami nikaingia upande wa pili. Tulilala chali, vichwa vyetu karibu.

Propela ilikuwa nyeupe yote, ila mahali pamoja katikati. Hapo palikuwa na mstari mweusi, upana wa kidole, umeizunguka kama pete. Fundi akapeleka mkono juu ya mstari huo, nyuma ya chuma kinachokatiza chesesi, mahali ambapo jicho halifiki. Kulikuwa na tope gumu. Akalikwangua kwa bisibisi. Likaanguka usoni mwangu.

"Aisee," akasema. "Nani amefuga ng'ombe humu?"

Akavuta. Ilikuwa ngozi. Ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mweusi, mgumu kama ubao, manyoya bado yapo upande mmoja. Mwisho wake ulikuwa umejikunja kwenda juu kama mkia wa mbwa, na ncha ya mkia huo ilikuwa imelainishwa na propela hadi ikang'aa.

"Hii ikipata unyevu inalegea, inaning'inia pembeni, haigusi kitu," akasema. "Ikikauka inakakamaa, inainuka, inakwaruza. Ndiyo maana wa Mbulu hakusikia. Nimemsingizia bure yule mtu."

"Ni hatari?"

"Hatari gani, mzee? Hii ni kama unyasi kwenye soksi. Ungetembea nayo miaka kumi."

Nilijua ngozi ile. Niliijua kabla hajaivuta yote.

Mwezi wa tisa 2023, kabla ya kila kitu, mimi na kaka tulikwenda Gendabi, huko huko Hanang. Kaka alikuwa na ng'ombe mmoja kule, amemweka kwa rafiki yake wa kabila la Wabarabaig, wafugaji wa huko, kama watu wa kwetu wanavyofanya, ili ukipatwa na ukame upande mmoja usipoteze wote. Karibu na boma tulipiga jiwe. Kishikizo cha waya wa hendibreki kikavunjika, waya ukawa unaburuta chini. Tulikuwa na mzigo wa mahindi wa kupandisha mlima, na kupanda bila hendibreki ni kutafuta kifo. Mama wa boma lile alikuwa anaandaa ngozi. Tulimwamkia, tukamweleza. Alikuja, akachungulia chini ya gari, akarudi na ukanda uliokuwa umelowekwa kwenye maji.

"Funga hii," akaniambia. "Ikikauka, waya hautatoka."

Nililala chini nikaufunga waya kwenye chuma, mizunguko miwili. Yeye alisimama juu yangu akitazama miguu yangu tu.

"Kaza! Ninyi Wairaqw kulima mnajua, kufunga hamjui."

Kaka alicheka hadi akaegemea bodi. "Mama, huyu hata viatu alifundishwa kufunga na mke wake."

Tulipanda mlima, hendibreki ikashika vizuri kuliko mwanzo. Njiani kaka aliniambia, "Ukifika nyumbani uweke kishikizo cha maana. Ngozi si ya gari." Nikasema nitaweka. Wiki iliyofuata nilipeleka gari kwa mchomeleaji, akachomelea kishikizo kipya, na mimi nikaingia chini na kisu kukata ngozi. Nilikata mzunguko niliouona. Wa pili ulikuwa nyuma ya chuma, umeshafunikwa na tope. Sikuupapasa. Nilikuwa na njaa na ilikuwa karibu na chakula cha mchana.

Ukanda ule ungebaki mzima, umekaza, usingegusa kitu. Kwa kuukata nusu niliuachia mkia. Kwa hiyo ile sauti niliitengeneza mimi, kisha nikaiogopa, kisha siku ambayo haikuwepo nikaitumia.

Fundi aliukata wote, akanipa. Akauliza kama nautupa. Nikauweka juu ya dashibodi. Nilimshukuru, nikaenda kumchukua shemeji sokoni. Alikuwa ameuza karibu vyote. Alipanda, akauona ule ukanda, akaushika akaunusa, akaurudisha. Hakuuliza. Labda alidhani nimenunua kwa ajili ya mpini. Tulipita tambarare yote kwenye jua la saa tisa na gari lilinyamaza. Alisinzia.

Tulipofika kwake nilishusha magunia matupu na chumvi yake ya ng'ombe. Sikuondoka. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, akavuta karai la vitunguu saumu vya mbegu, akaanza kuvipasua punje. Nilisimama na ule ukanda mkononi.

"Shemeji, hiki ndicho kilichokuwa kinakwaruza."

"Ngozi?"

"Niliifunga mimi, Gendabi. Nikaikata nusu, nikaiacha. Fundi amesema haikuwa hatari."

"Si afadhali?"

"Si afadhali." Nikakaa chini, udongoni. "Ile Jumamosi alinipigia simu nikamchukue. Nikamwambia gari lina sauti. Halikuwa na sauti siku ile. Nilikuwa nimelijaribu mchana. Sikutaka kutoka kwenye moto."

Mikono yake ilisimama. Sikumtazama usoni, nilitazama maganda kwenye karai.

Akauliza, "Saa ngapi?"

"Kumi na moja na kitu."

"Alisemaje?"

"Alisema nije nimchukue, amemaliza."

"Hapana. Mwishoni. Neno la mwisho alisemaje?"

"Alisema, 'Haya, mdogo wangu. Kesho basi, baada ya ibada.'"

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana."

"Alicheka?"

"Alikohoa."

Akarudia polepole, kama mtu anayejifunza aya. Kesho basi, baada ya ibada. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilimpigia Ijumaa. Nimekaa miezi yote hii nikidhani neno lake la mwisho ni lile aliloniambia mimi Ijumaa, la dawa ya ndama. Kumbe lipo jingine, na wewe umekaa nalo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo la gari, la kutokwenda. Hilo la neno sikuwa nimelifikiria kabisa.

Alichukua ule ukanda kutoka mkononi mwangu, akaingia nao ndani, akafunga mlango. Nilikaa pale hadi mtoto wake wa kike aliporudi na maji akaniamkia. Nikaenda nyumbani, nikamwambia mke wangu pia. Yeye alisema, "Maziwa yale nilikupa mimi," akatoka nje.

Wiki mbili shemeji hakuja kwetu, nasi hatukwenda kwake. Siku moja kabla ya mnada alimtuma binti yake: "Mama anauliza kama kesho unashuka." Nikasema nashuka.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta amekaa juu ya magunia yake kando ya njia. Nilimwamkia kwa habari za asubuhi, akaitikia. Nikapakia. Nilifungua mlango wa kushoto. Yeye akazunguka, akakanyaga tairi, akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia na kujifunga kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Nikaufunga mlango wa kushoto.

Tulishuka. Nilikuwa na kioo wazi kwa mazoea. Tambarare jua lilikuwa limeshapanda, na chini ya gari hapakuwa na kitu, ni upepo na mawe madogo yakigonga. Kila mara nilitazama kioo cha katikati nikaona mgongo wake.

Tulipoingia Katesh, karibu na pale panapogeukia Jorodom, aligonga paa mara mbili. Nikasimama kando. Akashuka mwenyewe, akapita mbele ya gari bila kunitazama, akaishika njia ile. Mawe bado yapo, na nyasi zimeota katikati yake. Mimi tangu ile Jumanne sikuwa nimekanyaga huko. Kila mnada nilipapita nikitazama upande wa pili wa barabara. Nilibaki na injini inaunguruma, mikono kwenye usukani, nikihesabu magari yaliyonipita, nikaacha kuhesabu.

Alikwenda kama hatua hamsini. Akasimama. Akageuka, akarudi hadi dirishani kwangu.

"Alilala nyumba ipi?" akauliza.

"Haipo. Ilikuwa baada ya lile jiwe kubwa, kushoto."

"Mimi sijui kushoto kwa nani. Shuka unionyeshe."

Nikazima injini. Nikavuta hendibreki, ikashika. Nikashuka.